Delphine, Mkaguzi Anayewawahi Wagonjwa Wanaoomba Kadi za Bangi ya Tiba

Saa mbili asubuhi, Delphine Hatcher anafungua kwenye kompyuta ombi la kwanza la mgonjwa mahututi. Picha ya mwombaji ina giza. Anainua simu.

"Mzee Purcell? Napiga kutoka ofisi ya kadi za bangi ya tiba. Picha yako inaonyesha kofia zaidi kuliko uso."

"Hiyo kofia ndiyo sura yangu, mama."

"Basi ivue kidogo, simama dirishani, mkeo akupige nyingine. Nangoja."

Picha inaingia. Delphine anaidhinisha, anahamia kwa mgonjwa mwingine.

Mama huyu wa miaka 53 ni mmoja wa wakaguzi sita wanaopitia, kwa jimbo zima, maombi ya kadi hizo zinazomruhusu mgonjwa kununua bangi kama dawa. Sheria inawapa mwezi mmoja kujibu. Majira haya ya baridi majibu huchukua karibu wiki saba. Kwa kawaida, ombi lenye kasoro hurudishwa, na likishasahihishwa huanza upya mwisho wa foleni.

Ndivyo ilivyomkuta Roy Stamps, fundi wa matrekta aliyekuwa na saratani ya mifupa. Daktari wake alisahau kutia tarehe kwenye cheti cha kuthibitisha ugonjwa. Delphine akalirudisha ombi, kama kanuni inavyotaka.

Oktoba, mkewe Roy, Leona, alipiga simu.

"Kadi imefika leo," alisema. "Tulimzika Jumamosi. Sasa niipeleke wapi?"

"Nilimwambia pole," anasema Delphine, "nikaona neno lenyewe halitoshi."

Wiki hiyo alimwomba msimamizi wake, Curtis Voight, maombi ya wagonjwa mahututi yasomwe kwanza, na kasoro ndogo zimalizwe kwa simu.

"Nilimkatalia," anakiri Curtis. "Nilimwambia tukimpigia kila mtu, tutakesha hapa. Akaniambia, 'Basi nipe hao mahututi peke yao. Usipoona nafuu, ninyang'anye.'"

Hajamnyang'anya. Kadi za wagonjwa hao sasa hutoka ndani ya wiki moja. Wengine bado wanangoja vilevile, na wenzake humtania kuwa amefungua studio ya picha.

Lakini utaratibu huo haumo kwenye kanuni; Delphine akihamishwa, utakufa. Machi ataiomba kamati ya bunge la jimbo iuweke kisheria. Hajawahi kuhutubia watu.

"Leona atakuja kukaa nyuma yangu," anasema. "Nikikwama, ataendelea yeye."