Mchezaji Bora Ambaye Hakugusa Mpira

Timu ya mgodi wetu, upande wa Geita, ilipotwaa kombe katika miaka ya hamsini, nilikuwa karani wa stoo na mwanakamati wa timu. Ninayoyaandika hapa niliyaona kwa macho yangu au yalisemwa mbele yangu; ya kupokezana midomoni nimeyaacha.

Jumapili baada ya fainali tulikusanyika kwenye kilabu cha pombe ili kuamua nani alikuwa mchezaji bora wa mechi zile za mtoano. Zawadi ilikuwa blanketi jekundu.

“Winga,” alisema nyampara. “Magoli yote ya maana ni yake.”

“Na ile penalti aliyowapelekea ng'ombe machungani, nayo ni yake?” alijibu mchimbaji mmoja mcheshi. “Mtu ni golikipa.”

Golikipa, kijana mkimya wa Kisumbwa, hakuwa amefungwa tangu mtoano uanze. Lakini mcheshi hakuishia hapo. “Tena tusiwe wachoyo, ngosha. Blanketi ni la mayu, mama yake. Dawa iliyolinda goli ni yake.”

Watu wakacheka na kupiga makofi. Kwao hiyo ilikuwa sifa. Katika mashindano ya ngoma za Usukuma, ushindi huwa wa mganga kabla ya kuwa wa mchezaji, naye hutajwa hadharani kwa heshima. Waliihamishia desturi hiyo kwenye mpira pasipo kufikiri kwamba mganga wa ngoma hujitangaza mwenyewe, ilhali huyu alikuwa mjane mgeni, muuza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kando ya kambi.

“Nani aliyemwona na dawa?” niliuliza.

“Karani, mambo hayo hayaonekani.”

“Basi usiyasimulie kama uliyeyaona.”

Golikipa alisimama. “Mpeni winga,” alisema. “Mama yangu mwacheni.”

Wakadhani ni unyenyekevu. Wakampelekea mama blanketi, naye akalipokea kwa mikono miwili.

Haukupita muda, mshambuliaji wa timu tuliyoishinda akafa kwa homa. Tabibu aliyemtibu aliniambia ni malaria, nami nikayafikisha maneno yake kilabuni.

“Malaria, sawa,” alisema mcheshi, safari hii bila kucheka. “Nani kaituma?”

Michembe ikakosa wanunuzi. Vijana waliacha njia ili wasikutane na yule mama na kulazimika kumpa shikamoo. Asubuhi moja niliona panga limechomekwa ardhini mbele ya mlango wake. Niliuliza ni la nani, majirani wakafunga milango.

Katika mechi iliyofuata, golikipa aliuacha mpira wa kwanza upite. Wa pili vilevile. Alisimama katikati ya milingoti, mikono ikining'inia, akiwatazama watazamaji badala ya mpira, nami nikaelewa: alitaka waone kwamba goli lile halikuwa na dawa yoyote.

“Umeona, karani?” mcheshi alininong'oneza. “Sasa yule mama kamgeukia hata mwanawe.”

Kesho yake golikipa aliacha kazi, akapanda lori la Ushirombo pamoja na mama yake. Blanketi waliliacha kizingitini, limekunjwa vizuri. Nililipita kila nilipokwenda stoo. Hakuna aliyeligusa, hata mvua zilipoanza.