Mikebe Mitano ya Katongo

Katongo alipofariki, mwezi wa tatu, alimwachia mkewe Abigaël kitalu cha miche nyuma ya nyumba yao katika mtaa wa Makomeno, na mikebe mitano ya maziwa ya unga iliyojaa mbegu. Kila mkebe ulikuwa umeandikwa neno moja tu: akasia. Alipokuwa hai hilo halikumsumbua mtu. Alizungusha mbegu moja kiganjani, akajua ni ya mti gani. Abigaël alijaza udongo kwenye mifuko na kumwagilia maji. Waliweza kushinda hivyo asubuhi nzima bila kusemezana, lakini kile kilikuwa kimya cha watu wawili.

Baada ya kilio, ndugu na majirani walirudi kwenye shughuli zao. Binti yao Kiki, aliyeolewa Kolwezi, alipiga simu kila Jumapili. Siku nyingine Abigaël aliweza kufika jioni hajatamka hata neno moja.

Mwezi wa nane mkulima mmoja alirudisha miche. Alikuwa ametaka akasia isiyo na miba, ile inayokua upesi, ya kuchoma makaa. Hii ilikuwa miba mitupu. Hakugomba. Alisema tu kwamba mzee Katongo asingekosea hivyo, na maneno hayo yakamchoma Abigaël kuliko matusi.

Kesho yake alitoa mbegu ishirini katika kila mkebe, akazimwagia maji ya moto, akaziacha mpaka zikavimba, akazipanda kwa mistari mitano. Mwanzoni miche yote ilifanana, yote ikiwa na vijani vidogo kama manyoya ya ndege. Kisha ikaanza kuachana. Mstari wa kwanza uliacha vile vijani ukatoa majani marefu mazima, kama ya mkaratusi. Wa pili na wa tatu ilitoa miba iliyopinda kama kucha za paka. Wa nne ulitoa miba iliyonyooka. Wa tano nao miba yake ilinyooka, ila majani yalikuwa na rangi ya kijivu ambayo hakuwahi kuiona.

Mwezi wa kumi na mbili alimwita Ba Chama, mwalimu wa mimea aliyezoea kununua miche kwa Katongo. Chama alichuchumaa, akaeleza taratibu. Mti wa mstari wa kwanza asili yake ni Australia, na sasa katika vitabu ndio peke yake kati ya hii unaoitwa akasia. Miti ya huku yenye miba ya kupinda imepewa jina la Senegalia, na huu wa mstari wa nne, wa miba iliyonyooka, ni Vachellia. Abigaël alicheka kidogo: mgeni amebaki na jina, wenye nyumba wametafutiwa mengine.

Kwenye mstari wa tano Chama aligusa yale majani ya kijivu. Aliomba mkebe wa mstari huo, akatoa chini kabisa kipande cha ganda lililojikunja kama ganda la chungwa lililokauka.

"Mama Kiki, hii iko Faidherbia. Mu vitabu iko yake peke, haina ndugu. Apa kwetu haimee yenyewe. Kule Pweto, karibu na ziwa, iko mingi. Mzee alienda kule lini?"

Abigaël alijibu kwamba hakwenda. Chama alimwandikia majina yote kwenye karatasi. Alipoondoka ndipo Abigaël alipokumbuka: mwezi wa tisa mwaka uliotangulia, Katongo aliaga kwamba anakwenda Likasi kutafuta mbegu, akakaa siku tisa. Na Pweto ndiko alikoishi kaka wa Katongo, Mwape. Miaka kumi na mmoja nyuma, mbele ya ukoo, Mwape alisema mke mwenye mtoto mmoja hatoshi nyumba. Abigaël alimwapisha mumewe asikanyage tena kwa mtu huyo.

Siku mbili aliizunguka simu. Siku ya tatu akapiga.

Mwape alikiri bila kuulizwa sana. Katongo alifika, wakapatana, na siku ya kuondoka akaokota mbegu nyuma ya nyumba.

"Alisema atakuambia, shemeki," alisema Mwape. "Alikuwa anatafuta tu namna ya kukuambia. Alikuwa anakuogopa. Na miye nilikuogopa. Ndiyo maana sikuja ku kilio."

Abigaël alitoka nje na simu sikioni, akaenda kwenye mstari wa tano. Alitaka kumkasirikia mmoja wao, akashindwa kumpata wa kumkasirikia. Miezi yote ile aliyoishi na Katongo baada ya safari hiyo, wakijaza udongo bega kwa bega, mwenzake alikuwa na neno mdomoni, naye akadhani ni utulivu.

"Mbegu zake ziliota," alisema. "Kumi na nane."

Mwape akauliza zimefika urefu gani. Abigaël akainama, akapima kwa mkono, akamwambia: shubiri mbili. Mwape akasema atakuja kuziona mvua zikipungua na barabara ikipitika. Abigaël hakumkatalia, wala hakumwambia karibu.

Simu ilipokatika alichukua kalamu, akaandika majina mapya kwenye mikebe, herufi moja moja, akirudi kila mara kutazama karatasi ya Chama. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza kama ameandika sawa.