Choo nilichomjengea mama mkwe, hakukiingia hata siku moja

Wakuu, habari za humu ndani. Hii nimeiishi mwenyewe, sitaongeza chumvi, na bado inanitesa.

Mimi ni wa Butembo, nilioa Mbau nikakaa hukohuko. Vita ilipofika Mbau tukakimbilia Beni, mimi, mke wangu na mama yake, kwenye kiwanja cha parokia kilichojaa maturubai.

Nikapata kibarua cha kuchimba vyoo. Kila choo familia nne, na mimi ndiye niliyeandika nani aende wapi.

Mama mkwe nikamwandika choo chetu, nyuma ya turubai letu, asitembee mbali. Nilijiona mkwe wa maana kweli.

Wa kwetu mnaosoma hapa mmeshashika kichwa. Mkwe na mama mkwe hawachangii choo. Nilijua tangu utotoni, ila nilidhani vita imeshafuta mambo hayo.

Yeye hakulalamika. Alinishukuru.

Kolera ikaingia. Kutwa nazunguka na ndoo ya klorini nawaambia watu: ukianza kuharisha usifiche, kimbia kwenye hema la waganga wa hospitali. Kumbe mama mkwe anaharishia kwenye shamba la kahawa la jirani, anarudi, anajifunika kitenge na kusema ni uchovu tu.

Siku ya pili tulimkuta ameanguka huko kwenye kahawa. Macho yamezama, sauti imekwisha. Nikambeba mgongoni, na hata hapo alikuwa anajaribu kushuka kwa aibu.

Hemani walitafuta mshipa wa kuwekea serum, yaani dripu, hawakuupata. Akafa mchana ule.

Mke wangu akaniambia, "Mama alikuwa anaenda kwa kahawa juu yako. Angeingia namna gani fasi ya choo mukwe wake anaingiaka?"

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema, huyu mutoto amechoka, hapana mumusumbue."

Wakuu, choo kingine kilikuwa hatua thelathini. Nilikichimba mimi. Kuhamisha jina lake kulihitaji kalamu tu.

Somo? Kabla hujawapangia watu choo, waulize nani hawezi kukutana na nani pale mlangoni. Nimelijua nikiwa nimechelewa, halinifariji hata kidogo.

Vita ilipotulia tukarudi Butembo, nikachimba choo nyumbani. Mke wangu ananipikia, tunasali pamoja. Ila kwa haja yake anakwenda choo cha jirani, mpaka leo, na sijawahi kuthubutu kumuuliza.

Mwenye neno aliweke hapa chini, hata la kunilaumu. Nitasoma yote.