Kisu Changu na Nyanya za Mashewa

Siku yangu ya kwanza kazini pale Korogwe, Afisa Kilimo wa Wilaya hakunionyesha meza wala kiti. Alikata shina la mnyanya ulionyauka ungali mbichi, akalining'iniza ndani ya glasi ya maji safi, akaniambia nitazame. Punde nyuzi nyeupe zikaanza kushuka kutoka kwenye kidonda, polepole, kama moshi unaoelekea chini. Hakuna aliyeigusa glasi.

"Hao ni bakteria, binti," alisema. "Ukiona uzi, usibishane. Ng'oa, choma."

Ninyi vijana wa ugani, mnaokwenda kuwashauri wakulima, mnafundishwa mapema kilichomo katika uzi ule. Bakteria hao wana vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi ndani ya chembe hai, na ukoo mmoja wa vimeng'enya hivyo kazi yake ni kuhamisha sukari. Kimoja huchukua kipande cha sukari na kukipachika, kingine huongeza chake, mpaka unapatikana mnyororo mrefu wa ute. Ute huziba mirija ya maji, na mnyanya hufa kwa kiu huku mizizi imo kwenye tope. Sukari yenyewe hutoka kwa mnyanya huo huo. Jambo hili sijalizoea hadi leo.

Kule Mashewa, kijiji nilichopangiwa, wakulima walikuwa na desturi yao: siku ya kupunguza machipukizi, hakuna aliyekata kabla ya bibi shamba, yaani mimi mtaalamu wao wa kilimo.

"Anza wewe, mkono wako una heri," alinisihi Mama Mwajuma, mjane aliyelea wanawe kwa nyanya za kando ya mto.

Nikakata mche wa kwanza wa kila mstari. Asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka kwa mkulima mwingine, nilikokata shina la mnyanya ulionyauka ili nilipime kwenye glasi. Kisu nilikifuta kwa kanga kikang'aa. Niliamini ugonjwa unakaa kwenye udongo tu, na kisu changu hakikugusa udongo.

Niliporudi baada ya wiki mbili, mche wa kwanza wa kila mstari ulikuwa umelala. Iliyobaki yote imesimama. Ilikufa ile niliyoikata mimi, mmoja mmoja, mpaka mwisho wa shamba. Kisha ikafuata ya pili, na ya tatu. Watu wakasema shamba limerogwa, na macho yao yakamgeukia Halima, wifi yake Mama Mwajuma, aliyeishi jirani.

"Bibi shamba, ni yeye?" Mama Mwajuma aliniuliza.

Nikasema sijui. Niliuogopa mkono wangu mwenyewe.

Nilimweleza Afisa Kilimo. "Kwenye ripoti andika udongo mbaya," alisema.

"Lakini mzee, imekufa niliyoikata mimi."

"Unataka wakulima wasikukaribishe tena? Andika."

Nikaandika. Baadaye nikahamishiwa Handeni, na huko mtaalamu wa maabara akanieleza habari ya vimeng'enya. "Ute huwafunika bakteria," alisema, "na kanga haiwatoi. Kisu kichemshwe." Tangu hapo nilichemsha kisu kila shamba, na wakulima walinicheka sana.

Nimestaafu, naishi Kilole. Kiinua mgongo kilikuja, usingizi mzuri haukuja. Mwaka jana nilikwenda Mashewa nikamwambia Mama Mwajuma: "Hukurogwa. Kilikuwa kisu changu, nami nilijua nikaficha."



"Halima amezikwa sijamsemesha," alisema. "Alikuja na uji nilipougua, nikaumwaga mbele yake."

Nilimwomba radhi. Alijifunga kanga, akanishika mkono, akaniongoza hadi nyuma ya nyumba, kwenye kaburi lililoota nyasi.

"Rudia," alisema. "Mwambie na yeye."

Nikapiga magoti, nikamsalimu Halima kwa jina lake, nikamweleza habari ya kisu.