Madamu amelala chali

Leo nimezika buibui yangu, kumbe alikuwa bado muzima.

Munamujua Madamu, ule buibui mukubwa wa manyoya nilitoa kule Nyamyumba. Miezi saba alikuwa anaishi kwetu, ndani ya sanduku ya vioo.

Asubui nimemukuta amelala chali, miguu yote juu. Wiki mbili alikuwa anakataa kula. Mi nikasema bon, amekufa.

Nikachimba nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Nikamufunika, nikashindilia udongo na kiatu, mbwa ya jirani isikuje kumufukua.

Mama alikuwa anamuogopa sana, mupaka hakuwa anaingia chumba yangu. Leo ametoka na bakuli ya maji, ju kwetu mukitoka kuzika munanawa mikono.

"Nawa, mwanangu. Pole."

Hakucheka. Tukanawa wote wawili.

Kisha nikaandikia rafiki yangu wa Goma, ule alinifundisha kumulisha panzi, nikamuambia Madamu amekufa. Akauliza kitu moja tu: alikunja miguu, ao alilala chali?

Chali.

"Usimuguse. Anavua ngozi. Njo vile wanafanyaka."

Nimefukua na mikono. Ngozi ya zamani ilikuwa imetoka nusu. Ile mupya ilikuwa nyeupe, laini kama ya mutoto, na imepasuka pale kisigino yangu ilikanyaga.

Mama ameleta tena bakuli.

Nyinyi wenye munafuga, munitukane tu, nitasoma yote.

Bakuli iko hapa mbele yangu. Sijanawa.