Rozari Iliyotafunwa

Mume wangu tulimzika hapa hapa Ihembe, kibanjani, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Kabla jeneza halijafungwa, mimi kwa kiherehere changu nikamviringishia rozari yangu mkononi. Yake alishaipoteza zamani. Yule bwana hata panga alikuwa akilipoteza akiwa amelishika. Nikasema asije akafika kwa Bwana mikono mitupu, akaniaibisha.

Basi nikabaki bila rozari, na kusema kweli nikabaki bila sala. Kila nikianza Baba Yetu, nikifika "utakalo lifanyike" ninanyamaza. Lifanyike lipi tena? Nilikuwa nimemnunia Mungu. Mchana nilijikaza, lakini moyoni niliogopa kwamba sitasali tena maisha yangu yote.

Mwezi wa pili baada ya mazishi, zamu ya sala ya jumuiya ikaangukia nyumbani kwangu, na kwetu mwenye nyumba ndiye huongoza rozari. Nikiri kwamba sina? Thubutu! Nikahesabu punje kumi za kahawa, zile zetu za kuchemsha na kukausha, nikaziweka kwenye kisahani. Kila Salamu Maria moja, punje moja inahamia mapajani. Nikajiona mjanja kweli kweli.

Sasa kando yangu alikaa wifi yangu, dada wa marehemu. Na sisi watu wa huku, Mnyambo ukimwekea kahawa mbele yake, anafanya nini? Anatafuna, ndiyo heshima ya nyumba.

Tendo la kwanza, badala ya Salamu Maria kumi, likaisha kwa saba. Mwenyekiti wetu, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akakohoa. Nikazirudisha punje kisahanini bila kuangalia, tukaendelea. Tendo la pili likaishia nne.

"Dada," akasema mwenyekiti, "Mama Maria amekukosea nini?"

Nikageuka. Wifi kafumba macho kwa ibada, shavu limetuna, anatafuna taratibu.

"Wifi! Unakula rozari yangu!"

"Haki ya Mungu nilidhani ni za wageni!" Punje moja ikamruka mdomoni.

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba, nikacheka mpaka mbavu zikauma, halafu nikajikuta nalia kwa sauti mbele ya watu wote.

Wifi akanisogelea. "Rozari yenyewe iko wapi?"

"Nilimpa kaka yako aende nayo."

"Huyo? Ataipoteza." Akafuta machozi yake, kisha akaniwekea mikono yote miwili mapajani. "Hesabu hapa."

Nikaanza Baba Yetu. Nilipofika "utakalo lifanyike" nikasita, nikalisema kwa uchungu, lakini nikalisema. Kisha Salamu Maria, kila moja nikikunja kidole chake kimoja. Ya kumi ikaangukia dole gumba: fupi, nene, limepinda kidogo, lile lile la mume wangu.

"Wifi, zimetimia kumi," akaninong'oneza.

"Najua," nikamwambia, na sikuliachia.