Aliye Juu Haitwi

Jumamosi iliyopita nilikuwa mlangoni nachagua maharagwe kwenye sinia, jirani yangu ameketi kando akinisaidia, zaidi kwa mdomo kuliko kwa mikono. Simu ikalia. Ilikuwa namba ya mjukuu wangu, yule aliyeacha kazi ya ofisi akaenda ng'ambo kuwa baharia kwenye meli ya matanga. Nilimuuliza zamani ni meli gani isiyo na injini siku hizi, akacheka. "Injini iko, shosho. Lakini sisi hupanda milingoti." Mlingoti ninaoujua mimi ni ule wa bendera kwa chifu, na hakuna mtu huupanda.

Kwenye kioo cha simu hakuwa yeye. Alikuwa mwenzake, msichana wa Kizungu, amesimama chini melini na simu ya mjukuu wangu mkononi. Akaielekeza juu. Nikaona mti mrefu, na mti mwingine umekingama juu yake kama msalaba, na watu wadogo wamejipanga, miguu juu ya kamba moja, wanakunja tanga. Wa mwisho kabisa, pembeni ambako hakuna kitu ila hewa, alikuwa mtoto wa binti yangu. Yule msichana akasema maneno. Jirani, aliyesoma kunishinda, akanieleza: "Simu ameiunga na spika. Anasema umwite kwa nguvu, atageuka akupungie mkono."

Jirani akavuta pumzi amwite yeye. Nikamziba mdomo kwa kiganja changu chenye vumbi la maharagwe.

Usinione mkali bure. Ngoja nikueleze.

Nilipokuwa mtoto, mtaa wetu huku Eastlands ulikuwa na tangi la maji limesimama juu ya miguu minne ya chuma, refu kuliko nyumba zote. Baba alikuwa fundi wa rangi wa kanjo, baraza la jiji. Mvua zikiisha, alipanda kulipaka rangi ya fedha, kamba ya katani kiunoni, kopo likining'inia kando yake, akiimba nyimbo za kanisa. Sisi wasichana tuliruka kamba kwa kufuata sauti yake. Harufu ile ya rangi ilichanganyika na moshi wa makaa, na hata leo nikipita duka la rangi nasikia njaa ya saa saba.

Chini alikaa mwenzake akishika ncha ya pili ya kamba, iliyopitia juu ya tangi. Walikuwa na sheria moja: aliye juu haitwi. Ukimwita mtu, kichwa hugeuka kabla mkono haujashika. Ukiwa na neno naye, gonga mguu wa tangi kwa jiwe mara tatu. Chuma kitampelekea habari viganjani, atashika vizuri kwanza, ndipo atazame. Mama aliniambia hivyo kila aliponipa chakula nimpelekee.

Siku hiyo ilikuwa ugali na kunde, sufuria imefungwa kwa leso. Mwenzake Baba alikuwa ameifunga kamba kwenye mguu wa tangi, ameenda mferejini kunywa maji. Wasichana wawili wa nyumba za pili wakanifuata. Mmoja akasema, "Huyo si babako. Huyo ni mjusi." Wa pili akasema, "Kama ni babako, mwambie akutazame." Jiwe lilikuwa hapo miguuni pangu. Sikuliokota.

"Baba! Baba, nitazame!"

Aligeuka. Wimbo ukakatika katikati ya neno. Mguu ukateleza kwenye rangi mbichi, kopo likaanguka likapasuka karibu nami, kiatu kikafuata, na Baba akabaki anabembea, kiwiko kimoja kwenye ngazi, kamba imemkaza mbavu. Wale wasichana walikuwa wameshakimbia. Mimi sikulia. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba nimemuua Baba na bado hajafika chini.

Mwenzake alikuja mbio. Alivuta kamba, akavuta, hadi mguu wa Baba ukaipata ngazi.

Aliposhuka hakunichapa. Afadhali angenichapa. Alikaa chini akala, na tonge lilimponyoka mkononi mara mbili. Akasema, "Mtu akiwa juu, jina lake huliacha chini. Mngoje alifuate." Kisha akavaa kiatu akapanda tena, maana kazi haikuwa imekwisha. Nilisimama pale mpaka jioni, shingo inaniuma, jiwe mkononi. Hakuimba tena huko juu, siku hiyo wala nyingine.

Basi Jumamosi nilimziba jirani mdomo mpaka mjukuu wangu akashuka. Sinia lilikuwa limepinduka, sikujua saa ngapi. Uso wake ukajaa kioo, jasho tupu, meno yote nje.

"Shosho, mbona hukuniita? Nilikuwa nangoja."

"Umeshuka?"

"Si unaniona."

"Miguu yote miwili?"

Akacheka, akanionyesha viatu vyake juu ya mbao. Ndipo nikamwita, jina la ubatizo na lile la nyumbani, yote mawili. Alidhani nalia. Jirani naye alidhani hivyo. Nilikuwa nimeinama naokota maharagwe.

Baba alifia kitandani, mzee wa mvi. Siku ya kumzika, ndugu zangu walilia wakimwita. Mimi mdomo haukufunguka, watu wakasema moyo wangu ni mgumu. Tangi nalo halipo. Lilikatwa likauzwa chuma chakavu, na mahali pake pana ghorofa. Nikienda kanisani hupita hapo, hutazama saruji palipokuwa na mguu mmoja wa tangi. Nina neno na Baba. Chuma cha kugonga ndicho hakuna.